Mamoru Kafa, Kitabu Ndo Kinaanza

Haya tukae jamani. Wale mliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele, having'ati. Nimepewa dakika arobaini na najijua, nitazila zote na za mwenzangu, kwa hiyo salamu tumalize: hamjambo? Haya.

Tangazo kwanza. Kama hujasoma The Sword of Kaigen, ile riwaya ya ulimwengu wa kubuni, na hutaki kujua nani anakufa, mlango ule pale, chai ishaiva nje, nenda kanywe taratibu. Mi siwezi kuongelea hiki kitabu huku nazungukazunguka eti nisimharibie mtu. Mamoru anakufa. Haya nshasema. Mtoto wa miaka 14, kifungua mimba wa Misaki, yule mama mhusika mkuu, anakufa katikati ya kitabu, si mwisho, katikati kabisa, kurasa zimebaki kibao, na ugomvi wangu wote na nyie wasomaji unaanzia hapohapo.

Manake nimesoma maoni ya watu kuhusu hiki kitabu mpaka macho yameuma, ya huku kwetu na ya huko Marekani na Uingereza, na wimbo ni mmoja. Mwanzo unachosha, vumilia. Halafu vita, jamani vita, nimelia usiku kucha, nimelia kwenye daladala, konda kaniuliza dada vipi umefiwa. Halafu baada ya vita kitabu kimeshuka, kinaburuzika, wanaongea tu, nyota nne. Hiyo "wanaongea tu" ndo inanipandisha presha. Nimeisema hii kila nikipewa maiki na leo naisema tena: ukilia Mamoru akifa halafu ukaruka kurasa mpaka mwisho, hicho kitabu hujakisoma, umeangalia trela.

Mtoto mzuri, mtiifu, akifa na upanga mkononi anatetea kijiji chake, nani hatalia? Hata ukimsimulia mtu asiyejua kusoma atatoa leso. Hiyo mwandishi yeyote mwenye akili anaiweza. Kumlilia Mamoru ni rahisi. Shughuli ni kesho yake asubuhi, mama yake anaamka, wadogo zake watatu wanataka kula, na baba yake anakaa kimya kama hakuna kitu.

Stori yenyewe siirudii, mnaijua. M. L. Wang, Mmarekani, kakitoa mwenyewe bila kampuni ya uchapishaji mwaka 2019, kikaingia kwenye yale mashindano ya vitabu vya kujichapishia yaliyoanzishwa na mwandishi Mark Lawrence, yale wanayaita SPFBO, vinaingia vitabu 300 kinatoka kimoja, kikatoka hicho. Toka hapo kimetembea kwa midomo ya wasomaji. Kijiji cha mlima Takayubi kwenye nchi ya kubuni ya Kaigen, ukoo wa Matsuda alikoolewa Misaki, watu wanaogandisha maji yakawa silaha, upanga wa barafu unaokata chuma, halafu Waranganese wanawavamia, basi, twende.

Nataka tukae pale baada ya vita. Tukae hasa, msiniharakishe.

Kijiji kimebomolewa. Wanaume karibu wote wa koo kubwa wamelala chini. Misaki, ambaye miaka yote kajifanya mke asiyejua kushika kitu kikali zaidi ya kisu cha jikoni, jana yake kafukua upanga wake wa ujanani chini ya mbao za sakafu na kaua watu mbele ya wanawe. Mtoto wake wa pili, Hiroshi, ana miaka mitano, na yeye kaua. Miaka mitano! Hiyo watu wanaipitia tu kama ni sifa, "eti dogo noma". Dogo noma kitu gani, huyo ni mtoto wa chekechea mwenye damu mikononi na hakuna mtu mzima anayejua amwambie nini.

Halafu jeshi la Mfalme linafika. Limechelewa, watu washakufa. Na linaleta nini? Linaleta amri. Haikuwa vita. Ilikuwa dhoruba. Mkiulizwa semeni dhoruba. Maiti zinafukiwa pamoja, kaburi moja, bila ya kila mtu kumtambua wake na kumwekea alama. Misaada ya kujenga upya sahauni, maana ukisema hapa tunajenga lazima useme kilichobomoa ni nini. Na Takeru, ambaye sasa ndo mkubwa wa ukoo, baba wa Mamoru, anamsikiliza kanali wa hilo jeshi na anakubali. Ndiyo mkuu. Ndiyo mkuu.

Sasa nyie mnaniambia hapo kitabu kimeshuka? Hapo ndo nilikiweka chini nikatembea sebuleni.

Kuna kaka mmoja aliniambia, na siyo yeye tu, kwamba hii sehemu haiaminiki, kwamba serikali gani itaweza kuficha jambo kubwa namna hiyo, watu wana midomo. Kaka yangu. Kwanza unasoma kitabu ambacho mtu anatembea na barafu mkononi na hilo halijakusumbua, kinachokusumbua ni serikali kudanganya? (Cheka, lakini sijamaliza.) Pili, twende Japani yenyewe, kwani mwandishi rangi zake kazitoa kule. Juni 1942, Midway, Japani inapoteza manowari nne za kubeba ndege. Makao makuu ya jeshi yakawatangazia wananchi kwamba imezama moja na nyingine imeharibika. Majeruhi waliorudi wakatengwa hospitalini wasionane na watu, wasije wakasema. Hao ni askari wao wenyewe, waliopigania bendera ileile.

Na hiyo ya Midway watu wengi wanaijua. Mi ninayoipenda, kama ni neno la kutumia, ni ya 1944. Tarehe 7 Desemba, mchana, tetemeko kubwa linapiga pwani ya Tonankai, upande wa Mie na Nagoya, mawimbi yanafuata, wanakufa zaidi ya watu 1,000. Viwanda vya ndege vinaanguka, na ndani kulikuwa na watoto wa shule waliopelekwa kufanya kazi za vita. Kesho yake tarehe 8 ni kumbukumbu ya kuanza vita na Marekani. Unajua magazeti yalitoka na nini ukurasa wa mbele? Picha ya Mfalme. Kubwa. Tetemeko limesukumwa kona, maneno machache, madhara kidogo. Walionusurika wamesimulia miaka mingi baadaye kwamba waliambiwa wasilizungumze, adui asijue viwanda vimelala. Umezika mtoto wako na huruhusiwi kusema kafa na nini.

Sisemi Wang kachukua pale, hilo analijua mwenyewe. Ninachosema ukiniambia haiaminiki, ninakutajia tarehe.

Na hebu ona ufundi wake, hii wengi inawapita. Wajapani wana ile hadithi ya upepo wa miungu, Wamongolia walikuja na meli 1274, wakaja tena 1281, dhoruba ikawapiga, nchi ikapona, na hilo likawa fundisho kwa karne nyingi kwamba upepo uko upande wetu. Wang kaipindua. Kwenye kitabu chake upepo ndo adui, wale Waranganese wanapigana kwa upepo, wanakuja na kimbunga wamekitengeneza wenyewe. Na serikali ikitafuta uongo wa kuwapa watu inawapa nini? Upepo. Tena nusu yake ni kweli, ndo maana ni uongo mzuri. Hapo mtu kakaa akafikiri bwana.

Sasa kwa nini hii inaniuma zaidi ya vita. Kwenye kikundi chetu cha kusoma kuna dada wa Mwanza, hasemi sana, ile wiki tuliyofika sura za kaburi la pamoja watu wanasema "kurasa za kujazia tu", yeye akasema kitu kimoja tu, kwamba nyumbani kwao wana mtu wa MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria. Mei 1996. Na mnajua waliozikwa Igoma walizikwaje, na wengine wako ziwani mpaka leo. Akasema yale mazishi ya Takayubi aliyasoma mara mbili mbili. Basi pale hakuna mtu aliyeongelea tena kurasa.

Manake sisi huku msiba tunaujua. Turubai linafungwa, watu wanalala nje, kuna wa kuosha, kuna wa kupika, kuna wa kuandika michango, kila mtu ana kazi na hiyo kazi ndo inakubeba. Misaki kanyimwa vyote hivyo. Kanyimwa mwili, kanyimwa sababu ya kifo, kanyimwa hata ruhusa ya kuwa na hasira, kwa kuwa mume wake ndo kasema ndiyo mkuu. Halafu ile sehemu wale watu wa dini wanakuja kuzituliza roho, na Misaki anagundua mwanawe hajaondoka, hasira yake yeye mama ndo imemshikilia, haya niambieni, hiyo ni sehemu ya kuruka? Ya kuruka hiyo?

Maji tafadhali. Asante mwanangu.

Haya, la pili, na hapa najua tutagombana. Misaki na Takeru.

Wasomaji mna upendeleo na nitausema mbele yenu. Misaki akikiri kwamba watoto wake hakuwapenda inavyotakiwa, aliwazaa kama wajibu, alikuwa anawaona ni wa ukoo wa mume na siyo wake, na Mamoru kaanza kumpenda kama mtu mwenye jina lake akiwa kachelewa sana, maoni yanawaka. Mama gani huyu. Mbinafsi. Anamuwaza Robin, yule aliyempenda shuleni, hadi leo, si angeenda. Sawa. Twende kwa Takeru. Miaka kumi na tano ndani ya nyumba baba ni jiwe, mtoto anajifunza upanga kwake na hapati hata neno, mke anapoteza mimba na yeye hana la kusema, vita inakuja anaondoka mtoto anabaki, kesho anaambiwa zika kimyakimya anazika. Halafu kwenye kurasa za mwisho anafunguka kidogo, anasema maneno mawili matatu kutoka moyoni, na nyie nyooote, "Takeru jamani", "nimempenda Takeru", "baba wa watu alikuwa anaumia". Yaani mwanaume kufungua mdomo tu kashalipa deni lote! Mama kufungua mdomo ndo deni linaanza.

Sisemi msimsamehe Takeru. Mi mwenyewe namwelewa, utoto wake kwa yule baba yake si utoto. Ninasema kipimo kiwe kimoja.

Na kuna wa kuniambia "lakini angeweza kuondoka". Aende wapi? Hii nchi ya kwenye kitabu imefuata Japani ya zamani kwa hilo. Sheria ya kiraia ya 1898 kule iliweka kwamba nyumba ina mkuu, mkuu ana kauli juu ya kila mtu, mke akiolewa anaingia kwenye nyumba ile, jina la ile, watoto ni wa ile. Ilifutwa 1947 baada ya kushindwa vita. Na hiyo ni sheria ya karne ya jana, wakati treni zinatembea na taa za umeme zipo. Tena Misaki kasoma nje, kapigana na wahalifu mitaani huko, anaujua ulimwengu, ndo kinachouma zaidi, kwa kuwa mlango anaujua ulipo. Alipitia mlango mwingine kwa kuwa wazazi wake walimwomba. Dada zangu mliopo humu mnaoitikia kwa kichwa, nawaona.

Sasa lile pambano. Mke anamwita mume wake kwenye mapanga mbele ya kijiji. Kuna msomaji alikuja juu kabisa, akasema hiki kitabu kinatufundisha kwamba wanandoa wakipigana mapenzi yanarudi, na hilo ni jambo la hatari, kwa nini mnakisifia. Pingamizi zuri, silidharau. Lakini rudi usome nani anaanza na anataka nini. Hataki kumpiga. Anataka ajibu. Miaka kumi na tano kamwongelesha ukuta, amejaribu utii, amejaribu kimya, sasa kilichobaki ni lugha pekee ambayo mume wake huyu anaiongea bila kujificha, upanga, na anamwambia mbele za watu kwamba wewe kama ni mkubwa wa hapa basi kuwa mkubwa, kama huwezi nipe mimi. Na Takeru anashindwa kubaki jiwe. Ile ni kesi, ile ni baraza la kijiji, ila kwa mila za watu wale kesi inasikilizwa kwa chuma. Ukiisoma kama ugomvi wa chumbani umeipunguza. Hata hivyo nakubali kwamba anayeijua vizuri hali ya kupigwa nyumbani ana haki ya kuifunga hiyo sura na asiifungue tena, na asisumbuliwe na mtu wa kumwambia "hujaelewa". Hapo nimemaliza.

Muda? Kumi? Kumi dakika au kumi sekunde? Haya mbiombio.

Mwanzo kuchosha. Kweli unachosha, sipingi, na yale maneno yake ya kubuni, saa wanaita vingine, umbali wanaita vingine, kamusi iko nyuma na ukiwa unasoma kwenye simu nani atakuwa anakwenda nyuma anarudi. Pale mwandishi kajifurahisha. Ila zile sura za kupika na kulea, Misaki na Setsuko, mke wa shemeji yake, wanataniana na watoto mgongoni, usiniambie hazina kazi, ukizitoa zile hamna kijiji cha kubomoa. Setsuko mwenyewe ningemwongelea nusu saa nzima. Yule mwanamke wa wavuvi kafiwa na mume siku ileile na ndo anayewashikilia wengine. Hakuna anayempa nyota. Sina muda.

Chul-hee. Dogo wa mjini anayemwambia Mamoru kwamba historia anayofundishwa darasani ni ya kupikwa. Mnakumbuka Mamoru alifanyaje? Alimpiga. Rudi kwenye hiyo sura ukishamaliza kitabu halafu uje uniambie kwamba uongo wa dhoruba ulitoka hewani. Toka mwanzo anakuonesha shule inavyowaandaa watu kuukubali.

Halafu, eh, hii ya Afrika, naona mkono pale, nilijua itakuja. Ndiyo, kwenye huo ulimwengu dola kubwa kuliko zote ni la Wayammanka, watu weusi, na mpangilio wao wa wahunzi na wasimulizi na watawala kaufuata kule kwa Wamande wa Mali. Wakubwa wa dunia ni sisi kwa mara moja. Wengine mlifurahi mkaishia hapo. Lakini tazameni hilo dola linafanya nini Takayubi ikiungua: lina maslahi yake, linamwacha mshirika wake aseme uongo alimradi mambo yaende. Ni dola bwana. Rangi haijalibadilisha, na mi naona hiyo ni heshima kubwa kuliko kutuchora malaika. Tutaiongelea siku yake.

La mwisho, mwisho wa kitabu. Hapa niko na nyie walalamikaji, hamtaamini. Zile sura za mwishomwisho, Robin anarudi, kuna adui mpya wa ajabu anatajwa, kuna mambo ya watoto wanaotekwa, unageuza ukurasa unatafuta muendelezo, muendelezo hakuna. Kilikuwa kimeandikwa kama sehemu ya mfululizo mkubwa, mwandishi akausitisha ule mfululizo, milango ikabaki wazi. Watu wanasema ni "makusudi ya kisanii". Si makusudi. Ni fundi kaondoka saiti. Kitabu kingefungwa pale Misaki na Takeru wanajenga kijiji kwa mikono yao na pesa za kuungaunga, mbele ya serikali iliyokataa hata kukubali kwamba kilibomoka, nisingedai kitu.

Nimeonyeshwa kadi, nakaa. Maswali ni yenu, ila kuna mtu kanitumia meseji jana usiku saa sita, ndefu, anamtetea Takashi, kaka mkubwa wa Takeru, anasema alikuwa sahihi kumrudisha Takeru kijijini na kubaki na Mamoru kwenye mstari wa mbele, kwamba ni hesabu za kijeshi, mpiganaji bora akawalinde wanawake na watoto. Ameandika aya sita. Na najua yumo humu, nimemwona wakati wa chai. Mpeni maiki huyo, aanze yeye.